Useja na Utawa: Karama Ndani ya Kanisa



Katika Kibiti na delta ya Rufiji, kutoka mashamba ya mikorosho hadi vijiji vya mikokoni, kijana aliyefikia umri huulizwa kwanza atafunga ndoa lini. Huulizwa hivyo nyumbani kwa Mwislamu, na kwa Mkristo pia. Binti asemaye kwamba ataka kumtumikia Mungu bila kuolewa huonekana amepungukiwa, na ukoo huona umepata hasara. Yafaa usharika ulitazame jambo hili upya.

Wapo Walutheri wanaodhani kwamba Matengenezo ya Kanisa yalifuta utawa. Martin Luther aliingia monasteri ya Waagustino mjini Erfurt mwaka 1505. Mwaka 1521 aliandika kuzipinga nadhiri za utawa, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Alichokikataa ni fundisho kwamba nadhiri humpatia mtu wokovu, au humweka juu ya Wakristo wengine. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 27, lashika msimamo huohuo. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, aliuhesabu useja kuwa karama, wala hakuidharau ndoa.

Historia ya Rufiji yakumbusha gharama ya njia hiyo. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliwaka kutokana na ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro mwezi Agosti. Tarehe 14 ya mwezi huohuo, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa safarini kuelekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wenyeji walikuwa wamechoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa; machoni pao mmisionari na mtawala walikuwa watu wa safari moja. Kuacha ndoa na mali hakukutosha kuwatenganisha watawa hao na dola iliyowatangulia.

Katika KKKT njia hiyo imepata sura ya wenyeji. Mwaka 1980 ulianzishwa Ushirika wa Neema mjini Moshi, katika Dayosisi ya Kaskazini. Masista wake huishi pamoja bila kuolewa, hudumu katika sala, huwalea yatima na kuwaandaa walimu wa watoto wadogo. Huduma hiyo hainunui mbingu. Ni shukrani ya watu waliokwisha kupewa neema.

Basi, binti wa Rufiji akisikia wito huo, asisukumwe, wala asizuiwe kwa machozi na lawama. Apewe muda wa kujipima, na wazazi wasikilizwe kwa heshima, kwa kuwa hofu yao ni ya kweli: asiye na mtoto atatunzwa na nani uzeeni? Swali hilo halijibiwi kwa mahubiri. Hujibiwa siku ambayo sista mzee ameugua, na usharika ukafika mlangoni pake kama ukoo wake.

Neema ya Bwana iwe pamoja na wote. Amina.