MLIMA HAUTAKI PUPA
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Niliambiwa nizungumze juu ya subira. Nikaona nisiwaletee yale ambayo mumeyasoma chuoni kama nilivyoyasoma mimi. Nitawaeleza habari ya pikipiki na mlima. Wenye kuendesha bodaboda hapa, na najua mupo, munisahihishe nikikosea.

Barabara ya Voi kwenda Taveta mwaijua. Ukifika Mwatate, kuna njia inayokata kupanda milima ya Taita hadi Wundanyi. Huku chini ni joto na mashamba ya katani. Ukianza kupanda, hewa yabadilika, waona migomba na mashamba ya matuta, na kona zajikunja moja baada ya nyengine. Kilele kirefu kuliko vyote huko, Vuria, kina mita 2,208. Ukungu ukishuka barabara hulowa, na gari linalokuja mbele hulioni mpaka limekufikia.

Likizo moja ya chuo kikuu, mwezi kama huu, niliendesha pikipiki ya binamu yangu kwenye njia hiyo nitafute karo. Binamu alinifunza mambo matatu. Kwanza, gia ya mlima huchaguliwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Pili, mzigo ukae chini na usirundikwe nyuma, kwa sababu ukizidi nyuma gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haukusikii. Tatu, abiria ni mmoja. Hilo la tatu ni sheria ya Kenya pia, pamoja na helmeti na jaketi ya riflekta kwa dereva na abiria wake.

Yote matatu niliyajua. Siku hiyo niliyavunja yote.

Ilikuwa imebaki kama nusu saa kabla ya Magharibi. Pale stejini Mwatate akaja nyanya mmoja na mjukuu wake wa miaka tisa hivi, na mfuko wa unga na tende. Akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto nitamwacha na nani? Tubebe sote, nina watu wa kufuturisha." Mimi nilitazama nauli mbili. Pia nilitaka niwafikishe haraka, nishuke nipate abiria mwengine kabla ya adhana. Helmeti ya abiria ilikuwa moja. Mtoto nikamweka katikati, nyanya nyuma, na mfuko nikaufunga nyuma ya nyanya.

Nikaingia kona kali na gia ya tatu. Injini ikalemewa. Nikavuta klachi nirudishe gia, na hapo ndipo nilipoharibu. Ukivuta klachi mlimani, injini haishiki gurudumu tena, unabaki na breki peke yake. Pikipiki ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, gurudumu la mbele likainuka kidogo, tukaanguka ubavu. Hatukuwa na kasi yoyote. Lakini mtoto alitanguliza mkono, na mkono ukavunjika hapa kwenye kifundo. Tende zikatawanyika barabarani.

Ndugu zangu, hilo si ndilo baya zaidi. Mama wa mtoto alipofika zahanati akaniuliza kulitokea nini. Nikamwambia lori lilitujia upande wetu nikalikwepa. Hapakuwa na lori. Nimefunga tangu alfajiri, midomo imenikauka, na uwongo ukatoka umenyooka kama nimeuhifadhi. Nyanya alikuwa amekaa pale. Akanitazama, hakunikadhibisha mbele ya watu. Aliniambia tu, "Mwanangu, kafuturu."

Sikupata ladha ya futari ile. Tumefunzwa na Mtume (S.A.W.) kwamba asiyeacha maneno ya uwongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Hadithi hiyo nilikuwa nikiwasomesha watoto madrasa. Nikajiuliza, siku tatu hizi nimefunga nini?

Siku ya nne nikapanda tena, peke yangu, mpaka nyumbani kwao. Nikamwambia mama ukweli wote: abiria wawili, gia, pupa yangu, na kwamba lori nililitunga. Sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Alinikasirikia sana, na alikuwa na haki. Tukakubaliana nilipe matibabu, na pesa za likizo iliyobaki zikaenda huko. Karo nikaitafuta kwa njia nyengine. Nilipoinuka nende zangu, nyanya akatoka na bakuli la uji, akaniambia adhana iko karibu, ningoje nifuturu nao.

Usiku ule nilisoma Suratul Balad, sura ya 90. Nimeihifadhi tangu mdogo, lakini sikuwahi kuitia akilini. Mwenyezi Mungu anataja ndani yake *aqaba*, yaani njia ngumu ya kupanda mlimani, na anaifafanua: ni kumkomboa mtumwa, na kulisha siku ya njaa, yatima aliye jamaa au masikini aliyelala mchangani. Kisha kuwa miongoni mwa walioamini, wakausiana subira na wakausiana huruma. Nikaona nyanya yule ndiye aliyekuwa akipanda mlima, na unga wake na tende zake. Mimi nilikuwa naendesha pikipiki tu.

Kwa hivyo vijana wenzangu, subira si kukaa kimya ukingoja mambo. Subira ni kumwambia abiria wa pili, "Samahani, nitarudi kukuchukua." Ni kuweka gia mapema na kupiga honi kabla ya kona. Mukishuka, musizime injini kwa kubania petroli. Iacheni injini ikusaidieni kupunguza mwendo, kwa sababu breki zikipata moto hazishiki. Saa za jioni mwenye saumu huchoka na macho huwa mazito, basi leni daku, na ukihisi kizunguzungu simama kando. Ukichelewa, tende tatu na maji mfukoni zatosha kufuturu njiani. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mungu. Pikipiki ni vivyo hivyo.

Na wewe uliyekosea ukafunika kwa uwongo, mwezi haujaisha. Nenda ukaseme. Ni kuzito, nakubali, lakini mimi nimekwenda na nimerudi salama.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awahifadhi ndugu zetu walioko barabarani wakati huu wakitafuta riziki, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.