KUNG'ARISHA RANGI YA MOTOKAA NYUMBANI
(Maneno ya hotuba kwa wale wanaoanza)



Mtu aliyenunua motokaa yake ya kwanza mjini Kisumu, hata ikiwa imekwisha kutumika miaka saba huko Japani, huitazama rangi yake kila asubuhi kabla ya kuitazama injini. Baada ya miezi michache huona boneti imefifia kama kanga iliyosahauliwa kambani. Basi huenda dukani kuulizia dawa ya kung'arisha, na muuzaji humwekea chupa mbili mezani. Moja ni polishi, ya pili ni nta. Wengi huchukua yoyote iliyo rahisi, wakidhani ni kitu kimoja, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Polishi huondoa. Ndani yake mna chenga laini mno zinazosugua uso wa rangi mpaka mikwaruzo midogo ipungue na mng'ao urudi. Nta haiondoi kitu. Hukaa juu ya rangi kama mafuta juu ya ngozi, ikazuia maji na uchafu visishike. Zamani, miaka ya 1950, mwenye kusugua motokaa nyekundu alilitazama tambara lake likawa jekundu, akajua kwamba anakula mali yake mwenyewe. Siku hizi haonywi hivyo. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimekuwa vikipaka juu ya rangi tabaka la vanishi angavu, jembamba kuliko unywele wa mtu, nalo ndilo lenye dawa ya kuikinga rangi na jua. Likisuguliwa, tambara halionyeshi rangi yoyote. Likiisha, hakuna chupa inayoweza kulirudisha. Itabidi kupaka rangi upya, na malipo ya fundi wa rangi yajulikana na kila aliyewahi kuyatoa.

Kisumu u karibu kabisa na ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na jua la huko halina huruma na vanishi. Kwa hiyo haifai mtu kuipunguza bila sababu.

Kazi huanza kwa kuosha, na kuosha kufanyike nyumbani, si ziwani. Kwa miaka mingi imekuwa desturi kuingiza magari majini ufukoni, na vijana wengi wamepata riziki yao hapo. Lakini mafuta na matope ya magari hubaki katika maji yale yale yanayolisha samaki, na katika maji ya kina kifupi mna konokono wabebao kichocho. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, wala hana habari. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani waliwafuatia waosha magari wa Kisumu kwa muda mrefu, na mwaka 2002 habari zao zilichapishwa katika jarida la Lancet: watu walitibiwa, wakarudi kazini majini, na wengi wao wakaambukizwa tena. Ndoo mbili za maji ya bomba chini ya mwembe zatosha kabisa.

Ndoo moja iwe na sabuni ya magari, ya pili maji matupu ya kusuuzia sifongo. Kwanza motokaa imwagiwe maji mengi, maana vumbi jekundu la murram ni mchanga, na anayelipangusa likiwa kavu anaikwaruza rangi kwa mkono wake. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wapandao angani kama moshi na kugandamana usoni mwa gari usiku, wafunikwe kitambaa chenye maji kwa dakika chache. Watatoka bila kusuguliwa. Hali kadhalika mavi ya ndege, ambayo yakikaa juani hula vanishi. Masizi ya miwa inayochomwa pande za Muhoroni na Chemelil yamwagiwe maji tu. Mafuta ya taa, ambayo wengine hupangusia ili gari ing'ae, hung'arisha kwa saa moja na kukusanya vumbi kwa juma zima.

Gari ikikauka kivulini, na bati likiwa baridi, ndipo itazamwe kama inahitaji polishi. Ukucha upitishwe juu ya mkwaruzo: ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina kirefu mno, uachwe. Usiponasa, polishi iliyo laini kuliko zote dukani ijaribiwe kwanza mahali padogo pasipoonekana sana. Polishi kiasi cha punje tatu za mahindi huwekwa juu ya sifongo laini, ikasuguliwa kwa mkono mwepesi mahali pasipozidi shubiri mbili, kisha ikafutwa na kutazamwa kwa upande. Mng'ao ukirudi, inatosha. Mwanafunzi ajihadhari zaidi na kingo za milango na mikunjo ya bati, kwa maana hapo vanishi ni nyembamba kuliko penginepo. Mashine ya umeme si chombo cha mtu anayeanza. Dakika moja ya kuzubaa yaweza kutoboa mpaka kwenye rangi.

Nta hufuata. Iliyo maarufu ni karnauba, itokayo kwenye majani ya mnazi fulani wa Brazili. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 60 na ushei, nayo boneti nyeusi juani yaweza kufikia hapo. Karnauba huvumilia hata digrii 80. Hupakwa nyembamba sana, kwani iliyopakwa nene huwa taabu kuifuta bila kuongeza faida. Iachwe ipate ukungu, kisha ifutwe kwa kitambaa safi kikavu.

Mvua itakayofuata itaonyesha kazi ilivyokuwa. Juu ya nta maji hukaa matone ya mviringo, kama juu ya jani la yugwa. Siku maji yanapotandaa bapa, nta imekwisha. Hapo motokaa huoshwa na kupakwa nta tena, na chupa ya polishi hubaki kabatini.