Kijana na Pikipiki Yake ya Kwanza

(Mazungumzo na wazazi wa Mbulu na Hanang)



Leo tuzungumze juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi, kutoka Dongobesh hadi Haydom, kutoka Bassotu hadi Katesh. Jambo lenyewe ni pikipiki. Kijana akifika miaka 16 au 17, neno lake ni moja tu: "Baba, uza ng'ombe ninunue pikipiki." Mama naye anabembelezwa akaseme na baba. Baadhi yetu tunakataa kwa ukali. Baadhi tunakubali upesi ili nyumba itulie. Basi, ukikataa bila maelezo, au ukikubali bila maelezo, kijana amefundishwa nini? Hakufundishwa kitu.

Pikipiki si adui yetu. Vijiji vyetu vingi havina basi. Mama akishikwa na uchungu usiku, mara nyingi pikipiki ndiyo inayomfikisha zahanati au hospitali. Vitunguu saumu na maharage vinafika sokoni kwa pikipiki. Mwaka 2009 sheria ya leseni za usafirishaji ilirekebishwa, pikipiki zikaruhusiwa kubeba abiria kwa malipo. Tangu hapo vijana wengi wamepata kazi ya bodaboda. Kazi ni kazi. Swali ni hili: tunamkabidhije kijana chombo hicho?

TULIKABIDHIWAJE NG'OMBE?

Hebu tukumbuke tulivyolelewa. Mtoto mdogo alipewa kwanza ndama, awachunge karibu na nyumba. Alipoweza, akapewa mbuzi na kondoo. Baadaye ndipo alipopewa ng'ombe, aende nao mbali. Jioni baba alihesabu. Akikosekana mmoja, mtoto alieleza yuko wapi, na kesho yake alikwenda kumtafuta. Ni mzee gani, awe Mwiraqw au Mdatoga, aliyemkabidhi zizi zima kijana ambaye hajawahi kuchunga mbuzi? Hayupo.

Lakini pikipiki tunaitoa kwa siku moja. Asubuhi kijana hana hata baiskeli. Jioni amepanda chombo cha moto, na nyuma yake amekaa mtoto wa jirani. Ng'ombe akipotea, huenda akapatikana. Mtoto wa jirani akifa, tutamlipa mzazi wake nini?

Kwa hiyo tufuate njia ile ile ya ndama, mbuzi na ng'ombe.

Kwanza, mpe baiskeli. Mtume mashine ya kusaga. Tazama: amerudi saa aliyosema? Chenji imetimia? Baiskeli ikiharibika, anasema ukweli au anaificha nyuma ya nyumba? Anayeficha baiskeli iliyovunjika ataficha na pikipiki iliyokwisha breki.

Pili, ajifunze pikipiki chini ya mtu mzima mwenye leseni, mchana, bila abiria. Ajue kutazama breki, tairi, taa na mnyororo kila asubuhi kabla ya kuondoka. Akae hivyo mpaka mwalimu wake aridhike.

Tatu, apate leseni. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973. Leseni ya gari haipewi mtu aliye chini ya miaka 18. Na mtoto wa miaka 14 au 15 hana leseni ya pikipiki wala ya gari. Ukimpa ufunguo, umemtuma avunje sheria, na wewe mzazi umeivunja pamoja naye.

Nne, ndipo abebe abiria. Abiria mmoja tu. Ile desturi ya kupakia watu watatu, ambayo vijana wanaiita mshikaki, ni hatari na ni kosa.

MWENDO NA KOFIA

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu tumejifunza. Katika makazi ya watu sheria inaruhusu mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki inakwenda karibu mita 14 katika sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kuona mbuzi anavuka na mkono kuanza kushika breki. Kabla breki haijakamata, umekwisha kwenda hatua kubwa 14! Sasa fikirini utelezi wa masika, ukungu wa asubuhi huku Mbulu, au ule mteremko wa kushuka Bonde la Ufa kwenda Dareda. Ndiyo maana wazee walisema, mwenda pole hajikwai.

Na kofia ngumu je? Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hiyo, ikivaliwa vizuri na kufungwa kidevuni, hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kiasi cha 40 katika 100. Hatari ya kuumia kichwa inapungua zaidi ya hapo. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu.

HESHIMA BARABARANI

Heshima haiishii kwa "shikamoo". Kijana mwenye heshima anapunguza mwendo akimwona mzee anavuka. Anasimama mifugo ipite. Hamwagii watu matope. Hampandishii mgonjwa nauli kwa sababu ni usiku. Wala hanywi pombe siku ya mnada halafu akapanda pikipiki.

Tena kuna jambo la mabinti zetu wanaotembea mbali kwenda shule. Lifti ya bure leo, kesho soda, keshokutwa binti ana mimba na masomo yamekatika. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayempa mimba mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Mwambie kijana wako waziwazi, usione haya: binti unayempakia ni dada yako.

SOMA KABLA YA KUTIA SAINI

Vijana wengi hawana fedha taslimu. Wanachukua pikipiki ya mkataba. Kijana analipa hesabu kila siku au kila wiki kwa mwenye pikipiki, mpaka inakuwa yake. Mkataba mzuri unasaidia. Lakini zamani tuliokuwa hatujui kusoma tulitia dole gumba tu. Sasa tunajua kusoma. Tusome!

Tuseme pikipiki inauzwa shilingi 2,800,000. Kijana anatakiwa kulipa 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni 60,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni 3,120,000. Basi amelipa 320,000 zaidi ya bei. Yawezekana ni haki, lakini ajue mapema. Ulizeni pia: akiugua wiki mbili, itakuwaje? Matengenezo ni ya nani? Bima ni ya nani? Akibakiza wiki tatu akashindwa, fedha alizolipa zitapotea zote? Kama jibu halimo kwenye karatasi, liandikwe ndipo mtie saini.

Kisha mnunulie daftari. Kila jioni aandike: fedha iliyoingia, mafuta, matengenezo, hesabu, akiba. Akusomee, au wewe umsomee. Hayo ndiyo yale mahesabu ya ng'ombe zizini.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, vijana wanatutazama. Ni nani anayemwambia mwendesha bodaboda, "Kimbiza, nimechelewa"? Ni sisi. Ni nani anayekubali kupanda wa tatu ili nauli ipungue? Ni sisi. Ni nani anayekataa kofia kwa kuwa itaharibu nywele au kilemba? Ni sisi sisi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kijana akikosea, usikimbilie fimbo. Mrudishe hatua moja nyuma. Kama alipakia watatu, ufunguo ukae kwako kwa wiki, naye aende shambani kwa miguu. Akieleza kosa lake kwa ukweli, mrudishie. Naye akifanya vizuri, mwambie mbele ya wadogo zake. Kijana anayeheshimiwa nyumbani ataweza kuwaheshimu watu barabarani.

Mkifika nyumbani jioni ya leo, mwiteni kijana wenu mkae naye, baba na mama pamoja. Msianze na bei ya pikipiki. Mwulizeni kwanza: "Tukikukabidhi roho za watu, utazitunzaje?" Kisha nyamazeni, mmsikilize.