Kurasa 24: Kuwaandikia na Kuwachorea Watoto wa Eastlands



Nitaanza na karatasi. Chukua karatasi 6 za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati, uzibane kwa pini kwenye mkunjo. Umepata kurasa 24. Ukitoa ya jina la kitabu na ya hakimiliki, zimebaki 22. Mwandishi asiyejitengenezea kijitabu hiki cha majaribio kabla ya kupeleka mswada kwa mhariri hajui hadithi yake inakata pumzi wapi. Jambo la kumfanya mtoto afunue lazima likae mwisho wa ukurasa wa kulia.

Mchoraji naye atagundua kwamba kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi mbili tofauti, isipokuwa zile za katikati, 12 na 13. Ukiuweka uso wa nyanya katikati ya ukurasa wa 8 na wa 9, huenda jicho moja likapanda na jingine likashuka. Tukio kubwa linalotaka kurasa mbili lisukumwe hadi katikati. Rangi nayo ivuke ukingo kwa milimita 3, kisu kisije kikaacha ufito mweupe.

Sasa maneno. Tuseme mtoto wa mtaa wa Maringo, hapa Eastlands, ametumwa unga. Mwandishi anayeanza ataandika kwamba alivaa gauni jekundu, akafungua mlango wa bluu, akampita mama mboga. Yote hayo ni kazi ya mchoraji, yafute. Andika tu: "Alirudi mikono mitupu." Mchoro utuonyeshe kuku nyuma yake, noti ya shilingi 100 mdomoni. Mtoto msomaji anajua asichokijua mhusika, naye atacheka kabla mwalimu hajamweleza kitu.

Vitabu vingi tulivyokua tukivisoma vina fisi, sungura na nyumba za msonge. Sivipingi, fisi ni mhusika mzuri sana. Lakini mtoto wa Dandora naye ana mahali pake, napo pana umbo. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zimelala chini na zinataka ukurasa mpana. Ghorofa za Kayole, na nguo zilizoanikwa kila roshani, zinataka ukurasa mrefu. Nendeni mkachore hapo hapo, pazia linalogawa chumba kimoja likiwemo.

Kuhusu sheng, najua tutabishana. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza mwaka 2010, limeitumia kwa vijana bila haya. Kitabu kinachotaka idhini ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ili kiwe cha shuleni ni habari nyingine. Huko Kiswahili sanifu ndicho kinachotazamiwa. Maoni yangu ni kwamba msimulizi aseme sanifu, na sheng ibaki mchoroni: ubavuni mwa matatu, kwenye ukuta wa kinyozi.

Kwa mazoezi, someni hadithi za African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 wenye vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika. Leseni yake ni huria: ukiweka hadithi yako humo, wengine wanaruhusiwa kuitafsiri na kuichapisha. Kwa hiyo usiiweke ile unayotaka kumuuzia mchapishaji. Mswada ukishasimama, wasomeeni watoto kwa sauti. Maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ziko karibu nasi. Mtoto akianza kuchezea kamba ya kiatu, tia alama kwenye ukurasa huo.

Mwisho ni mkataba. Mwandishi huahidiwa mrabaha, ilhali mchoraji mara nyingi hulipwa mara moja, basi. Katika kitabu ambacho picha zinabeba nusu ya hadithi, naona hilo si haki. Hakimiliki nchini Kenya hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo wachoraji, kabla ya kutia sahihi, ulizeni: je, mnauza matumizi ya picha kwa chapa hii tu, au mnaziuza moja kwa moja? Na jina lenu litakaa kwenye jalada la mbele au litafichwa ukurasa wa pili?