Mashini inatoa namba, haitoi miwani

Maneno ya timu ya macho mbele ya mkutano wa wanachama na wahisani



Sisi wa timu ya macho tuliombwa tuseme namna kazi inavyoendelea. Tutasema mazuri, na tutasema pia pale tulipokosea, juu feza ile si yetu, ni ya chama. Mwishoni kuko jambo moja la kuamua, na tunaomba liamuliwe leo.

Ile mashini ya kupima macho wengi mnaijua. Unaishika mkononi, unaielekeza kwenye jicho la mtu, na baada ya sekunde chache inaandika namba. Inafanya kazi hivi: inaingiza ndani ya jicho mwanga ambao mtu hawezi kuuona, mwanga unagonga nyuma ya jicho na kurudi, na mashini inasoma namna ulivyorudi. Kama jicho linakusanya picha mbele ya pale inapotakiwa, mtu huyo haoni vizuri mbali, na namba yake ina alama ya kutoa. Kama picha inaangukia nyuma, namba ina alama ya kujumlisha. Kama jicho halikuviringana sawasawa, mashini inaongeza namba nyingine mbili, moja ya kiasi na moja ya upande.

Sisi tuliorudi kwa boti kutoka Kigoma na mabegi mawili matatu, tulikuwa na sababu nzuri ya kuipenda. Mashini kubwa ya lopitali inakaa juu ya meza na inataka umeme. Hii inabebwa kwenye begi, inapanda pikipiki, inachajiwa na sola. Tena haimuulizi mtu herufi. Mzee ambaye hakusoma anapimwa sawa na mwalimu. Mama anayesema Kibembe tu anapimwa bila mkalimani.

Basi tulifurahi, na furaha ile ndiyo ilituponza. Tulianza kufikiri kwamba mwenye mashini ni munganga wa macho. Tuwaambie mambo matatu yaliyotufundisha.

La kwanza ni mtoto mmoja wa masomo. Mashini ilimwandikia namba ya kutoa, tena kubwa, na sisi tukaagiza miwani kwa namba ile ile. Baada ya majuma machache mama yake akaja nayo mkononi. Akasema, “Wanangu, mtoto anaumwa kichwa kila siku. Anazificha ndani ya begi. Hii mashini yenu inasema uongo?” Tulimpeleka kwa mtaalamu wa macho. Akamtia matone yanayolegeza jicho, akampima tena. Namba kubwa ikapotea. Mtoto hakuwa anahitaji miwani hata kidogo.

Mashini haikusema uongo. Jicho la mtoto lina nguvu nyingi za kujikaza, na anapochungulia ndani ya kitu kilicho karibu, linajikaza bila yeye kujua. Mashini inapima jicho lililojikaza, inafikiri ndivyo lilivyo. Kosa lilikuwa letu, tuliosoma namba tusimsikilize mtoto. Na kosa hilo lilienda mbali, juu majirani wa mama yule walisita kuleta watoto wao. Kati yao huenda kuko mtoto ambaye kweli haoni ubao, na mwalimu anamwita mvivu.

La pili ni mama mshonaji. Mashini ilimwandikia karibu sifuri. Tukamwambia, “Mama, macho yako mazima.” Akatuangalia, akasema, “Sawa wanangu,” akaenda. Baadaye tulimkuta nyumbani kwake, mjukuu ndiye anamtungia uzi kwenye sindano. Kazi za shati alikuwa ameanza kuzikataa. Mashini yetu inapima kuona mbali. Lakini mtu akifikia miaka 40 na zaidi, jicho linapoteza ile nguvu ya kujikaza ambayo mtoto anayo nyingi, na vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Hilo mashini haikulisema, na sisi hatukuuliza, “Mama, unafanya kazi gani?”

Tulirudi kwake na kamba ya sentimeta 40, kadi ya kusomea, na miwani ya kusomea ya namba mbalimbali. Tulijaribu moja moja mpaka akatunga uzi mwenyewe. Haikuhitaji mashini hata kidogo.

Wahisani wetu, hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 hawaoni vizuri karibu kwa sababu hiyo ya umri, nao hawajasaidiwa. Wale wasioona vizuri mbali kwa kukosa miwani walihesabiwa kuwa karibu milioni 124. Na kule Assam, Uhindi, wachumaji wa majani ya chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya karibu. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kazi yao ilipanda kwa karibu asilimia 22 kuliko ya wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Sisi hapa hatuchumi chai, lakini tunashona nyavu, tunachambua maharage, tunahesabu franka usiku kwa taa.

La tatu ni mzee mmoja. Mashini ilikataa kabisa kumsoma. Tulijaribu mara nne, tukasema imeharibika. Kumbe haikuharibika. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, na mwanga haukupita. Siku hizi mashini ikikataa, tunachukua kikaratasi chenye tundu dogo, tunamwambia mtu aangalie ubao wa herufi kupitia tundu lile. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi shida ni ya miwani. Asipoona tofauti, tunamwandikia barua ya lopitali siku ile ile, juu huyo miwani peke yake haitamsaidia.

Kwa hiyo tumejiwekea masharti. Mtoto hapewi miwani kwa namba ya mashini peke yake, lazima aonwe na mtaalamu. Mtu mzima anawekewa kwanza vioo vya kujaribia, na yeye mwenyewe ndiye anasema kama anaona vizuri. Kila mtu wa miaka 40 na zaidi anapimwa karibu kwa kamba. Na kila aliyepewa miwani tunamtembelea baada ya mwezi mmoja kuona kama anaivaa.

Sasa jambo la kuamua. Wahisani wametuahidi feza ya mashini ya pili. Tunawashukuru kwa moyo wote. Bei ya mashini kama ile ni maelfu ya dola. Sisi tunaomba, kwa heshima, msitununulie. Mashini moja inatutosha. Feza hiyo ilipe mafunzo ya vijana wawili wa chama, wajifunze kupima kwa vioo na kujua nani apelekwe lopitali. Inunue sanduku la vioo vya kujaribia, miwani ya kusomea ya namba zote, na fremu za watoto. Inayobaki ilipe safari za wale tunaowatuma kwa mtaalamu, juu barua bila nauli inabaki nyumbani.

Tunajua mashini inapigwa picha nzuri, na picha inapendeza kwenye ripoti. Kamba ya sentimeta 40 haipendezi hivyo. Lakini yule mama mshonaji amerudia kazi za shati, na mjukuu wake asubuhi anaenda masomo.

Kwa yule mama wa kwanza, ambaye leo yuko kati yetu na ametukubalia tusimulie habari yake: mama, tulikukosea. Tunaomba utusaidie kuwaambia majirani kwamba sasa tunapima tofauti.

Mwenyekiti, tumemaliza. Tunaomba wanachama wanyooshe mikono.