Naomba Nambari ya OB

Wasikilizaji wangu wa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na Rongai, leo nalirudia jambo nililokwisha kulisema hata baadhi yenu mkanung'unika, wala sitaliacha maadamu dhulma yenyewe haijaisha: mtu anachukuliwa mchana kweupe na watu wasiovaa sare, katika gari lililofichwa nambari, na sisi tuliosimama pale stendi twatoa simu kupiga picha, kisha twapanda matatu kwenda Nairobi, tukiambiana njiani kwamba bila shaka yule naye alikuwa na lake.

Alikuwa na lake! Maneno hayo ndiyo yaliyoilinda Special Branch, kikosi cha ujasusi cha polisi. Wazee mnakumbuka jinsi, tangu msako dhidi ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, ulipopamba moto 1986, raia walivyofungiwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, wakatoswa majini na kunyimwa chakula, huku majirani wakinong'ona kwamba serikali haimkamati mtu bure. Utawala ulibadilika mwishoni mwa 2002, na vyumba vile vikafunguliwa kwa umma mwaka uliofuata, nasi tukadhani ada ile mbaya imekwisha. Haikwisha; bunduki za dola hazikunyamaza. Tume ya Jaji Waki, ilipochunguza machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi.

Ndipo tukajiandikia Katiba ya 2010, na kwa sheria ya 2011 tukaunda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, ili polisi asijichunguze nafsi yake. Ninalotaka mlikumbuke ni kifungu cha 49 cha Katiba hiyo: anayekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoifahamu, awasiliane na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, illa saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa.

Sasa tazameni yaliyowapata watu wa hapa hapa Kitengela Agosti 2024. Mwanaharakati Bob Njagi alichukuliwa, na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, wakachukuliwa pia. Polisi wakakana kuwa nao. Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama Kuu kuomba waletwe. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi wakati huo, Gilbert Masengeli, aliitwa mara kwa mara asifike, hata Septemba 13 Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Hukumu hiyo iliondolewa baadaye alipojitokeza, lakini Septemba 20, baada ya siku 32, wale watatu walikuwa wamekwisha kuachiliwa. Hawakuachiliwa kwa picha za simu. Kulikuwa na faili mahakamani.

Lakini wengi wetu hatuna faili lolote: mama mmoja muuza mboga alinijia akimtafuta mwanawe. Alikuwa amekwenda kwa chifu, kwa mheshimiwa, na kwa dalali aliyedai kumjua mkubwa fulani. Nilipomwuliza nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, alifungua fundo la leso akanionyesha kikaratasi chenye nambari ya simu ya dalali, ambaye alikwisha kula pesa zake na kuzima simu. Kituoni aliambiwa arudi kesho, naye akarudi nyumbani kimya, kama tufanyavyo sote!

Mtasema kushtaki polisi ni hatari. Ni kweli, nami sitawadanganya: Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda aliyemshtaki polisi, na dereva Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, hapo jirani tu, wakauawa. Lakini 2022 polisi watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia, kwa kuwa kulikuwa na watu waliokataa kunyamaza.

Na ninyi wa bodaboda mnaotoa chai kila kizuizi, kisha jioni mkalalamika kwamba polisi hawabadiliki, mwadhani nani anawafundisha kwamba sheria haiwahusu?

Basi mtu wako akichukuliwa, andika rangi ya gari, saa, na mahali. Nenda kituoni na mwenzako, asubuhi hiyo hiyo, hata kama zamu yako ya kiwandani EPZ yakungoja. Sema kwa adabu, "Afande, naomba nambari ya OB," wala usiondoke kaunta mpaka umeiandika. Wakikunyima, peleka malalamiko IPOA, na wakili wako aende Mahakama Kuu kabla jua halijachwa.