MTOTO AKIMALIZA MWAKA WA SITA, AENDE WAPI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Lubumbashi



Wazee kati yetu wanakumbuka masomo ya kambi wakati wa Union Minière. Kampuni ilitoa nyumba na posho, na mapadri wakafundisha watoto. Kijana alijifunza kusoma, kuhesabu na kushika nyundo. Msichana alijifunza kushona. Ilitosha kwa kampuni. Kwetu haikutosha. Sekondari ya Wazungu ilikuwa hapa hapa Elisabethville, lakini watoto weusi walioingia walihesabika kwa vidole. Shule za Leta kwa ajili yetu zilianza 1954 tu, Bwana Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni. Universite ilifunguliwa mjini mwetu 1956, na wengi waliokaa kwenye viti vyake walikuwa Wazungu. Basi tarehe 30 Juni 1960 inchi hii kubwa ilikuwa na wenye diploma ya universite wapatao 30. Wengine husema hata chini ya hapo. Hatukukosa akili, wandugu. Tulikosa mlango.

Na leo? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Leta ni bure, na tangu 2019 jambo hilo limeanza kutimizwa. Vizuri, ingawa madarasa yamejaa. Lakini baada ya mwaka wa sita kuna wa saba na wa nane, tena minne ya humanité, ndipo mtihani wa Serikali. Huko mzazi analipa. Asiye na franka, kijana wake anakwenda kuchimba kwa mikono, na binti anaolewa mapema.

Franka ipo. Sheria ya madini ya 2018 inasema: katika kila franka 100 za kodi ya madini yanayotolewa, 25 ni za jimbo, na 15 ni za komini au sekta ya mahali penye mgodi. Ruashi ina mgodi. Kipushi imeanza tena kutoa zinki 2024.

Tunataka sekondari moja ya Leta yenye matawi: Katuba umeme na mashine, Ruashi kemia na madini, Kenya biashara. Mwalimu wa fizikia azunguke, kuliko mtoto kuvuka mji mzima kwa miguu. Hasa wasichana, jioni, mnajua njia zetu.

Baba zetu walipiga kura ya komini mara ya kwanza 1957, mbele ya macho ya Wabelgiji. Sisi tunaogopa nini? Jumatatu watu watatu wa kila mtaa waende kwa bugumestre, waulize kwa adabu: franka za madini zilizoingia mwaka jana ni ngapi, na zimejenga madarasa mangapi? Waandike jibu. Wakiambiwa warudi kesho, warudi kesho.